Bidhaa Zavuka Mpaka, Mwenye Bidhaa Azuiliwa

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo ukiwa na taarifa ya benki, barua ya mwaliko, tikiti ya kurudi na ada isiyorudishwa. Methali hiyo ilizaliwa miongoni mwa watu walioishi kwa biashara, watu wa Lamu, Mombasa na Unguja, waliongojea kaskazi ivume ili jahazi zije na tende na mazulia, na kusi ilipoanza ziondoke na boriti na pembe. Nahodha alidaiwa ushuru wa shehena yake, na hiyo ilikuwa haki ya mwenye bandari. Lakini yeye mwenyewe alipokewa, akapewa pa kulala, na pengine akakaa miezi kadhaa akisubiri upepo ugeuke. Wenyeji walijua kwamba mali haiji peke yake. Huletwa na mtu, na mtu akifukuzwa, mali nayo hupita mbali.

Leo mambo yamepinduka. Mali ndiyo inayokaribishwa, na mtu ndiye anayetiliwa shaka. Mtumba wa nguo hutoka Uingereza, Kanada au China, ukavuka bahari, ukatozwa ushuru Mombasa na kufika katika soko la Toi, ubavuni mwa Kibera. Hakuna aliyeuuliza una akiba kiasi gani, una mke au huna, na utarudi kwenu lini. Mwache sasa mchuuzi wa Toi atamani kwenda huko ulikofungwa mtumba huo, akachague mwenyewe nguo anazojua zitanunuliwa, uone maswali atakayoulizwa!

Hiyo ndiyo mada ninayotaka kuijadili: jinsi kanuni kali za kuingia katika nchi za watu zinavyowavunja moyo wale ambao wangependa kusafiri kwa ajili ya biashara. Mada hii huzungumzwa mara kwa mara, lakini aghalabu huzungumzwa katika kumbi za hoteli kubwa, na wanaoizungumza ni watu ambao hata wakicheleweshwa hawatalala njaa. Mimi nitaizungumza kutoka Kibera na Kawangware, kwa sababu naamini kwamba huko ndiko kanuni hizi zinakoumiza zaidi, ijapokuwa ndiko zinakotajwa kidogo zaidi.

Mwezi Mei 2024, katika kongamano la wakuu wa makampuni lililofanyika Kigali, Aliko Dangote, tajiri mkubwa kuliko wote barani Afrika, alilalamika kwamba kwa pasipoti yake ya Nigeria humbidi aombe viza 35 ili aweze kulizuru bara lake mwenyewe. Lalamiko hilo lilikuwa la haki, na magazeti ya bara zima yaliliandika. Hata hivyo, Bwana Dangote ana makarani wa kumjazia fomu, na mawaziri wa kumpokea. Kama mtu wa hadhi hiyo analia, mama anayeuza vitenge Kawangware karibu na kituo cha magari ya 46 atasema nini, na nani atakuja kumwandika?

Pana tofauti moja kubwa kati ya biashara ya tajiri na biashara ya mchuuzi, na tofauti hiyo husahauliwa na wanaotunga kanuni za mipakani. Biashara kubwa inaweza kusafiri bila mwenyewe. Kampuni huagiza bidhaa kwa barua, hulipa kupitia benki, huajiri wakala wa kukagua mizigo, na ikidhulumiwa huenda mahakamani. Mchuuzi hana lolote kati ya hayo. Jicho lake ndilo mkaguzi wake, mkono wake unaopapasa kitambaa ndio maabara yake, na uso kwa uso na muuzaji ndiyo mahakama yake. Asipokwenda mwenyewe atauziwa kitenge kinachochuja rangi siku ya kwanza kufuliwa, na hasara itakuwa yake peke yake. Kwa hivyo kumzuia kusafiri ni sawa na kumfungia duka. Tajiri akinyimwa viza hupoteza mkutano. Mchuuzi akinyimwa hupoteza riziki.

Ndiyo sababu nasema kwamba kanuni kali za kuingia nchini ni ushuru unaotozwa wadogo. Haukuandikwa katika bajeti yoyote, wala haukupitishwa na bunge lolote, lakini unalipwa kila siku.

Tuutazame ushuru huo kwa hesabu. Anayeomba viza ya kuingia katika nchi za Ulaya zilizo katika mpango wa Schengen hulipa yuro 90 tangu mwezi Juni 2024. Viza ya kawaida ya Marekani kwa wageni wa biashara na matembezi ilipandishwa hadi dola 185 mwaka 2023. Fedha hizo hazirudishwi hata ombi likikataliwa. Mwezi Agosti 2025 Marekani iliongeza jingine: ilianza kuwataka baadhi ya waombaji kutoka Malawi na Zambia waweke dhamana ya kati ya dola 5,000 na dola 15,000 kabla ya kupewa viza, na mwezi Oktoba mwaka huo Tanzania ikaongezwa katika orodha. Ni mchuuzi gani wa Tandika au wa Kawangware awezaye kuweka fedha kama hizo na kusahau kwamba ni zake? Kiasi hicho kwake ni mtaji wa maisha mazima.

Hata nyumbani ada hazikupungua. Mwezi Machi 2024 serikali yetu ilipandisha ada ya pasipoti ya kawaida ya kurasa 34 kutoka Sh4,500 hadi Sh7,500. Kwa mwenye duka la ghorofa jambo hilo ni dogo. Kwa mwenye kibanda cha mabati Laini Saba, hiyo ni kodi ya nyumba ya miezi miwili au zaidi.

Lakini fedha si kizuizi kikubwa kuliko vyote. Kizuizi kikubwa ni ile karatasi inayoitwa taarifa ya benki. Afisa wa ubalozi huitaka ili ajue kama mwombaji ana uwezo, na huamini kwamba mtu mwenye uwezo ni yule ambaye fedha zake zimetulia katika akaunti kwa miezi mingi. Sasa mfikirie mfanyabiashara wa Kawangware. Fedha zake hazilali. Asubuhi ni shilingi, saa nne ni viazi au viatu, jioni ni shilingi tena, na kesho yake zimekwenda kwa mwenzake wa chama ambaye zamu yake imefika. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, nyingi ya shughuli hizo hupitia simu ya mkononi, na salio la usiku ni dogo kwa sababu mtaji uko sokoni unafanya kazi. Afisa akiitazama akaunti ya mtu kama huyo huona umaskini. Angalitazama vizuri angaliona biashara iliyo hai. Akaunti iliyotulia ni ya mtu ambaye mali yake imelala. Basi kanuni hii humkubali aliyelala na kumkataa anayekimbia.

Isitoshe, mpaka wenyewe hauanzi Namanga wala Busia. Kwa wengi wa watu ninaowazungumzia, mpaka huanzia mlangoni pa nyumba zao. Wazee wetu wanaikumbuka habari ya kipande, kile cheti ambacho serikali ya mkoloni ilimlazimisha Mwafrika wa kiume kukivaa shingoni katika miaka ya 1920 na baadaye, na ambacho bila hicho hakuweza kuacha kazi wala kutafuta nyingine. Lengo la kipande lilikuwa kuizuia miguu ya watu. Uhuru ulipokuja tulidhani karatasi ingekuwa mtumishi wa raia. Kwa jamii fulani za Kenya, karatasi imebaki kuwa bwana.

Historia ya Kibera yenyewe ni ushahidi. Wanubi, ambao babu zao walikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la Waingereza, walipewa makazi hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na jina la mtaa latokana na neno la lugha yao lenye maana ya msitu. Watu hawa wamezaliwa Kibera, wakazaa Kibera, wakazikwa Kibera. Hata hivyo, kwa miongo mingi kijana wa Kinubi alipotimiza umri wa miaka 18 hakupewa kitambulisho kama wenzake. Aliitwa mbele ya kamati ya wachunguzi, akaulizwa habari za babu na nyanya, akatakiwa kuleta hati ambazo hata waulizaji wenyewe wasingeweza kuzitoa. Mwezi Machi 2011, Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki za watoto wa Kinubi, miongoni mwazo haki ya kuandikishwa na kuwa na uraia tangu kuzaliwa. Mwaka 2017 jamii hiyo ilipewa hati ya kumiliki ekari 288 za ardhi ya Kibera. Ardhi ilitambuliwa, na hilo ni jema. Lakini ardhi haimvushi mtu mpaka.

Asiye na kitambulisho hapati pasipoti. Hapati laini ya simu kwa jina lake, kwa hivyo hata huduma za fedha za simu humpita. Wanubi wana ndugu zao Bombo, kule Uganda, watu wa lugha moja na desturi moja, na biashara kati yao ingekuwa rahisi kuliko kati ya wageni wawili, kwa sababu uaminifu tayari upo. Ni mangapi yaliyokufa kabla ya kuzaliwa kwa sababu kijana wa Makina alikuwa akingoja kitambulisho? Mwezi Februari 2025, Rais William Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba uchunguzi wa ziada waliokuwa wakifanyiwa wakazi wa kaunti za mpakani utakomeshwa. Tangazo hilo lilistahili kupongezwa, lakini haki iliyotangazwa Wajir yafaa pia itekelezwe Kibera, kwa maandishi na kwa vitendo, ili isije ikategemea huruma ya karani aliye zamu.

Sasa tuvuke mpaka halisi. Sisi watu wa Afrika Mashariki tuna historia ya kutosha ya kutufunza. Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya, ambao haukufunguliwa tena hadi mwezi Novemba 1983. Aliyekuwa akinunua vitunguu Arusha ilimbidi atafute kazi nyingine au atafute kichochoro cha kupitia. Jumuiya ya sasa iliundwa kwa mkataba uliotiwa sahihi mwaka 1999, na Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Itifaki hiyo inataja waziwazi uhuru wa watu kusafiri, kufanya kazi na kutoa huduma, pamoja na uhuru wa bidhaa.

Mahali ambapo ahadi hiyo ilitekelezwa, matunda yake yameonekana. Tangu mwezi Januari 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kutembeleana kwa kutumia kitambulisho cha taifa pekee. Mama wa Kawangware mwenye kitambulisho hupanda basi la usiku, akavuka Busia au Malaba, akafanya ununuzi wake Kampala na kurudi, bila kumsubiri mtu yeyote amtolee pasipoti. Kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa rasmi Busia mwezi Februari 2018, na cha Namanga mwezi Desemba mwaka huo huo, ili msafiri ahudumiwe na maafisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Je, nchi hizo tatu zilizokubali vitambulisho ziliporomoka? Je, Kampala ilijaa Wakenya hadi Waganda wakakosa pa kukaa? Hayo hayakutokea.

Tanzania haikujiunga na mpango wa vitambulisho. Mbali na hilo, mwezi Julai 2025 serikali yake ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, nyingi zikiwa za watu wa chini: kutengeneza simu, kazi za saluni, huduma za kutuma fedha kwa simu, kuongoza watalii na nyinginezo. Adhabu ilitajwa kuwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 za Tanzania, au kifungo kisichozidi miezi sita, pamoja na kufutiwa viza au kibali cha kuishi. Naielewa hoja ya wenzetu. Wachuuzi wa Kariakoo walilalamika kwamba wageni wenye mitaji mikubwa kutoka mbali walikuwa wakiuza hata rejareja, na serikali inayosikia kilio cha watu wake haistahili kubezwa. Lakini wavu uliotegewa papa umemnasa dagaa. Amri hiyo haikutenganisha mwenye viwanda aliyevuka bahari na kinyozi wa Kenya aliyevuka Namanga, ijapokuwa huyu wa pili analindwa na itifaki ambayo Tanzania yenyewe ilitia sahihi.

Kabla hatujawanyooshea wenzetu kidole, yatupasa tujitazame wenyewe. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tarehe 12 Desemba 2023, siku ya Jamhuri, tulitangaziwa kwamba Kenya ingekuwa nchi isiyodai viza kwa mgeni yeyote wa dunia. Tulishangilia. Mwezi uliofuata, Januari 2024, tukaambiwa kwamba kila mgeni, isipokuwa wa Afrika Mashariki na wachache wengine, ni lazima aombe idhini ya kusafiri kupitia mtandao kabla ya kuondoka kwao, aonyeshe mahali atakapolala, na alipe dola 30. Viza ilikuwa imebadilishwa jina tu. Raia wa nchi kadhaa za Afrika ambao awali walifika uwanjani wakagongewa muhuri bila ada wala fomu, ghafla walijikuta na vyote viwili. Jambo lililotangazwa kuwa ni kuufungua mlango likawa, kwao, ni kuufunga.

Athari zake tuzitafute Kibera. Mtaa huo una mafundi wanaochonga mifupa na kufua shaba, wakitengeneza bangili, hereni na mikufu inayopendwa na wageni. Fundi wa namna hiyo hana duka katika uwanja wa ndege. Humtegemea mnunuzi anayekuja mwenyewe, akaona kazi, akakaa juu ya kigoda na kuagiza mikufu mia. Mnunuzi mkubwa wa Ulaya hatashindwa na dola 30. Atakayeshindwa ni mwanamke wa Lusaka au wa Harare mwenye mtaji kama wa fundi mwenyewe, aliyekusudia kufikia kwa rafiki yake badala ya hoteli, na ambaye hana kadi ya benki ya kulipia kwenye mtandao. Huyo akiona fomu atabaki kwao, na fundi wa Kibera hatajua kamwe kwamba alikosa mteja. Hasara ya kanuni kali ina tabia hiyo. Haipigi kelele, kwa sababu anayekosekana hahesabiwi.

Kwa bahati njema, serikali ilisikia. Mwaka 2025 Baraza la Mawaziri liliamua, na kufikia mwezi Julai utekelezaji ukawa umeanza, kwamba raia wa nchi za Afrika wasitakiwe tena kuomba idhini hiyo, isipokuwa wa Libya na Somalia, kwa sababu za kiusalama. Tuliyafanya yaliyokuwa yametangulizwa na Rwanda, ambayo Rais wake, Paul Kagame, alitangaza mwezi Novemba 2023 kwamba Mwafrika yeyote ataingia bila malipo. Hata hivyo, Somalia ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2024. Tumemkaribisha jirani sebuleni, kisha tukamwachia ufunguo wa nyumba kila mtu wa mbali isipokuwa yeye.

Nataka sasa nifike kwenye kiini cha jambo hili. Mwezi Machi 2018, viongozi wa Afrika walikutana Kigali wakiwa na mikataba miwili mezani. Wa kwanza ulihusu eneo huru la biashara barani kote, yaani bidhaa. Wa pili ulikuwa itifaki ya uhuru wa watu kusafiri, kukaa na kufanya kazi, yaani watu. Mkataba wa bidhaa ulianza kutumika mwaka uliofuata, na umeidhinishwa na zaidi ya nchi 45, Kenya ikiwa miongoni mwa zile za mwanzo kabisa. Itifaki ya watu ilihitaji kuidhinishwa na nchi 15 tu ili ianze kufanya kazi. Miaka sita baadaye, mwaka 2024, zilikuwa nchi nne: Rwanda, Mali, Niger na São Tomé na Príncipe. Kenya haikuwamo.

Siku moja, meza moja, na kalamu zile zile. Bidhaa zikapewa njia, watu wakaambiwa wangoje. Hata katika mipaka yetu ya karibu hali ni hiyo hiyo. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000, uliozalishwa katika nchi zetu, hupewa cheti rahisi pale pale mpakani ili asitozwe ushuru wa forodha. Huo ni mpango mwema. Lakini viazi vikishapata cheti chao, mwenye viazi huulizwa pasipoti, huulizwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na asipokuwa nayo hunong'onezwa kwamba mambo yanaweza kutengenezwa. Kadi hiyo, kwa taarifa ya wasafiri, tangu mwezi Julai 2016 hutambulika kimataifa kwa maisha yote ya aliyechanjwa. Asikubali mtu kuambiwa kwamba imekwisha muda.

Reli iliyotoka Mombasa, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, imepita katikati ya Kibera. Wakazi huanika nguo kando yake na kupanga bidhaa zao hatua chache kutoka kwenye vyuma. Kwa zaidi ya miaka mia moja wameyatazama mabehewa yakipita na shehena za Uganda na za nchi zilizo mbele yake. Shehena hupita. Wao hubaki wakitazama.

Najua lipo jibu ambalo hutolewa upesi, nalo ni usalama. Silipuuzi. Nchi iliyozika watu zaidi ya mia mbili baada ya bomu la tarehe 7 Agosti 1998, na ikazika 67 baada ya shambulio la Westgate mwezi Septemba 2013, ina kila sababu ya kumtazama vizuri anayeingia. Swali langu ni hili: je, masharti haya humzuia mwovu? Mwenye nia mbaya na mfadhili tajiri hatashindwa kuleta taarifa ya benki iliyonona wala kulipia hoteli. Na akishindwa, hatafuti ofisi ya uhamiaji, hutafuta njia za panya, ambazo mipaka yetu imejaa.

Hapo ndipo ukali unapoharibu kile unachodai kukilinda. Kila mchuuzi mwaminifu anayekatishwa tamaa na masharti huongezwa katika idadi ya wanaopita vichochoroni. Huko hakuna anayemwandika jina. Mwanamke hukutana na watu wanaojua kwamba hawezi kupiga ripoti, akapoteza mzigo na pengine heshima yake. Huko hongo ndiyo viza. Serikali imepoteza ushuru, imepoteza habari za nani ameingia na nani ametoka, na imemfundisha raia mwema kuvunja sheria ili ale. Mlango uliofunguliwa na kulindwa ni salama kuliko ukuta uliotobolewa matundu.

Basi tufanye nini? Kwanza, Kenya iidhinishe itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu uhuru wa watu kusafiri. Nchi iliyokimbilia mkataba wa bidhaa haina kisingizio cha kuukimbia mkataba wa watu. Pili, serikali zote nane za Jumuiya zikubali kitambulisho cha taifa kama hati ya kusafiria, na Nairobi izungumze na Dodoma kindugu juu ya amri ya mwaka 2025, ili raia wa Jumuiya watenganishwe na wageni wa mbali. Tatu, kitambulisho kitolewe kwa kila Mkenya kwa masharti yale yale, awe wa Makina, Mandera au Murang'a, na hati ya muda ya kuvukia mpaka itolewe karibu na wananchi kwa bei ambayo mchuuzi ataimudu.

Nne, tunapodai kuheshimiwa na mabalozi wa nchi za mbali, tuwafundishe kuisoma biashara yetu. Daftari la chama lililoandikwa kwa miaka kumi, kumbukumbu za malipo ya simu na barua ya viongozi wa soko ni ushahidi bora wa mtu mwenye mizizi kuliko salio lililolala. Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje haina budi kulibeba jambo hili katika mazungumzo yake, kama inavyobeba habari za chai na maua. Tano, Kiswahili kilikubaliwa na wakuu wa Jumuiya mwaka 2021 kuwa miongoni mwa lugha zake rasmi. Basi fomu na matangazo ya mipakani yaandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, pamoja na ada halali ya kila huduma. Anayejua anachodaiwa kisheria ni vigumu kumdai zaidi.

Mapendekezo haya hayahitaji mkopo wa nje wala mtaalamu wa kukodiwa. Yanahitaji watunga kanuni wakubali jambo ambalo manahodha wa kale walilijua, kwamba biashara ni watu kabla ya kuwa bidhaa. Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mchuuzi wa Kawangware haombi kubebwa. Nauli anayo, ujuzi anao, na mzigo ameuzoea. Anachotaka ni kuruhusiwa kwenda kuokota, kisha arudi nyumbani na alichookota, nasi sote tupone pamoja naye.